Maksai Wawili na Mtumbwi wa Mkwe

Jumatano, 16 Mei 1956

Wendelin kaniruka zamu tena. Mara ya pili wiki hii!

Mkokoteni ni wetu sote. Nira ni yetu sote. Yeye ana maksai mmoja, Subira, mweusi, pembe moja imekatika. Mimi nina mmoja, Jemadari, mwekundu, mnene, fahari ya Kibaoni nzima. Ng'ombe mmoja havuti mkokoteni, kwa hiyo siwezi kwenda popote bila jirani huyu, naye analijua hilo na analitumia. Mpunga wake wa huku umeshaingia ndani. Wangu uko ng'ambo ya mto, Minepa, shambani jirani na kwa baba mkwe, unangoja uvushwe kwa mtumbwi hadi Kivukoni kisha uvutwe na mkokoteni. Nilimwambia Wendelin zamu ni yangu. Kasema zamu ni ya aliyeamka mapema. Thubutu! Siku moja nitakuwa na maksai wawili, na yeye atavuta magunia kwa meno.

Jioni nilipita kwa Verediana muuza pombe. Nilimkuta bwana mifugo, kaegemeza baiskeli ukutani, yuko njiani kwenda Mahenge. Nilimnunulia kata moja ya pombe akaanza kutoa elimu. Kasema mvua hizi na mbu hawa wameleta homa ya ng'ombe. Inaanza ghafla. Asubuhi ng'ombe anakula, mchana anatetemeka, masikio ya moto, machozi yanamtoka, udenda unamtoka, hacheui. Anachechemea mguu huu, baadaye mguu ule, halafu analala chini na shingo kaigeuzia ubavuni, na mwenye ng'ombe anaanza kulia. Kisha siku ya tatu anainuka mwenyewe na kutaka majani! Dawa yake ni kivuli na maji karibu. Asinyweshwe kitu kwa nguvu, maana koo halimezi vizuri na dawa itaishia mapafuni. Homa ya siku tatu, ndilo jina lake. Alisema na mengine, sijui kuhusu kupumzisha, sijui kuhusu ng'ombe wanene, lakini kata ya pili ilikuwa imefika na mimi nilikuwa nimeshapata la maana.

La maana ni kwamba sisi watu wa mto tunamjua kambale. Ng'ombe hatumjui. Hapa ng'ombe akilala chini, watu wanaita kisu. Ni mimi peke yangu sasa ninayejua cha kufanya, na sina nia ya kumwambia mtu.

Ijumaa, 18 Mei

Imekuja! Na imekuja kwa Wendelin!

Niliposikia kelele nilidhani ni moto. Kumbe ni Subira, kaanguka mbele ya jiko la Wendelin. Alianza na mguu wa mbele wa kulia, akaburuta, akalala. Anatetemeka, pua inamchuruzika, udenda hadi chini. Kila kitu kama nilivyoelezwa! Nilijizuia nisipige makofi.

Lakini watu walishajaa na vikapu na majani ya mgomba. Kwetu ng'ombe aliyeanguka hangojwi. Akifa mwenyewe ni kibudu, Mwislamu hali, na sisi Wakristo hatupiki kitu ambacho jirani hawezi kukaribishwa. Ndiyo maana huitwa Mzee Shomari awahi kuchinja, ili wote tule. Mzee Shomari alishafika. Kisu kinanolewa. Verediana alishajitwalia utumbo, na Ponsiano, katekista wetu, kaomba ulimi kwa sauti ya unyenyekevu. Mtu mmoja alikuwa anapima paja kwa shubiri. Subira anamwangalia.

Ilibidi nifikiri upesi. Niliinama, nikashika masikio, nikatazama kinywani, nikavuta pumzi ndefu. Nikawaambia ugonjwa huu naujua tangu nilipokuwa Kilosa kwenye mkonge. (Nilikuwa mpishi wa manamba. Ng'ombe nilimwona sufuriani.) Nikasema ni homa ya mgongo. Anayekula nyama yake huchechemea mguu uleule alioanza nao ng'ombe, halafu analala, halafu haamki.

Verediana akaurudisha utumbo, na utumbo wenyewe bado uko ndani ya ng'ombe. Mzee Shomari akafuta kisu, akasema Mungu hakumwamuru mtu kula mashaka, akaaga. Vikapu vikaondoka vitupu. Wengine walinitazama vibaya, kana kwamba ni mimi niliyewanyima kitoweo. Basi, ndiyo, ni mimi.

Wendelin alibaki kachuchumaa, kashika sikio la Subira, analia. Analia kweli. Nilimwonea huruma kidogo, ikapita. Nikamwambia, ndugu yangu, nitakuondolea mzigo huu. Nitachukua ngozi na pembe, mzoga nitauzika mwenyewe. Akanitazama, machozi yakakatika. Akauliza, kama ni mzigo, mbona jicho langu linameta? Akasema kama namtaka Subira nitoe mtumbwi. Nikataja nyavu. Akasema mtumbwi. Nikasema nyavu na jogoo. Mtumbwi. Haya! Maksai mzima ni mitumbwi mitatu, na mjinga huyu kakubali mmoja. Tumepeana mikono mbele ya Ponsiano.

Jumamosi, 19 Mei

Scolastica hajasema nami tangu jana, isipokuwa pale aliposema mengi kwa mpigo.

Kasema mtumbwi ule ni mvule, baba yake aliuchonga kwa mikono yake, akatupa siku ya harusi yetu. Kasema baba yake siku ile alimnong'oneza kwamba mume akimshinda, njia ya nyumbani ni huu mtumbwi. Miaka yote hii sikujua! Kasema Mzee Marselino anakuja kwa sikukuu ya Mwili wa Kristo, Alhamisi ya mwisho wa mwezi. Asipoukuta mtumbwi wake, yeye Scolastica anarudi naye Minepa, hata kama ni kwa kuogelea. Nikamwambia, mke wangu, akili ni nywele, kila mtu ana zake. Kasema zangu zimeanza kunyonyoka.

Sitetereki. Nimeshinda mchana kutwa uani kwa Wendelin, maana Subira hasogezeki. Nimemjengea kivuli cha mabua. Nimemwekea ndoo ya maji puani. Verediana alikuja na chupa ya maji ya pilipili na majivu, anataka kumsukumia kooni. Nilimzuia kwa mwili wangu! Kauliza mzoga unahitaji ulinzi wa nini. Nikasema ni heshima kwa marehemu.

Jumapili, 20 Mei. Pentekoste

Kainuka! Wakati watu wanatoka misani! Kwanza alicheua. Halafu akajilamba pua, akasukuma nyuma, akasukuma mbele, akasimama. Miguu migumu kidogo. Akanywa ndoo yote, kisha akala paa la kivuli chake.

Watu wakapiga vigelegele. Wendelin hakupiga. Kasema nimrudishie ng'ombe wake, kwa sababu nilisema anakufa. Nikamwambia nilisema atakayemla ndiye atakayekufa. Je, kuna aliyemla? Hakuna. Basi uongo uko wapi? Ponsiano akakuna kichwa, akasema kwa maneno yalivyo, mimi Teofili nina haki. Nilimwongoza Subira hadi nyumbani kwangu, polepole, nikipitia njia ndefu ili wote waone.

Nina maksai wawili! Nira nzima! Nilimwonyesha Scolastica. Kauliza mtumbwi uko wapi.

Jumatatu, 21 Mei

Nimewafunga nira alfajiri. Kwa nini ningoje? Anayengoja ni Wendelin.

Tulitoka Kibaoni kwa shangwe, Jemadari kulia, Subira kushoto, mimi nimesimama juu ya mkokoteni na kofia. Nilimsalimia kila mtu. Wendelin nilimsalimia mara mbili. Hata nusu ya njia ya Kivukoni hatujafika, Subira akaanza kuhema, ulimi nje, magoti yakamkunja, akalala katikati ya barabara. Jemadari akavutwa shingo, mkokoteni ukainama, na mimi nikashuka kwa namna ambayo sitaiandika.

Sasa ndiyo nakumbuka. Bwana mifugo alisema akishainuka apumzishwe wiki nzima au zaidi, maana ndani bado hajapona. Kwa nini jambo kubwa kama hilo alilisema baada ya kata ya pili? Elimu ya siku hizi haina mpangilio.

Nilikaa njiani na ng'ombe wangu. Ponsiano akapita, akauliza naenda wapi. Nikasema kuchukua mpunga wangu ulioko ng'ambo. Akauliza utavukaje, na mtumbwi ni wa Wendelin, na maji yamefurika hata pantoni haliendi? Nilikuwa sijalifikiria hilo. Nikamwambia hilo ni swali la kesho.

Alhamisi, 24 Mei

Nilikwenda Kivukoni kwa miguu, kuangalia tu. Nani namwona? Wendelin, ndani ya mtumbwi wangu, anavusha magunia yake ya ng'ambo! Lakini hana ng'ombe wa kuyavuta. Magunia yamerundikana ukingoni na wingu linakuja.

Akaniuliza kama nitamwazima maksai wangu, Subira akishapata nguvu. Nikamuuliza kama ataniazima mtumbwi. Kasema mimi nianze. Nikasema aanze yeye. Tukakaa kila mmoja juu ya gogo lake, tumepeana mgongo, hadi mvua ikaanza. Yakalowa magunia yake. Mpunga wangu ndege wanaula huko Minepa. Wavuvi wakatucheka. Wacheke! Mtu akishainama mara moja, atainama kila siku.

Scolastica kasema sikukuu imebaki wiki. Nikasema najua kuhesabu.

Jumapili, 27 Mei

Maafa. Jemadari!

Jana jioni alikula vizuri. Leo nimetoka misani, namkuta kainamisha kichwa, masikio ya moto, nyama ya bega inamchezacheza, udenda unamning'inia. Mguu wa nyuma wa kushoto haukanyagi. Mchana akalala, na alipolala nyumba ilitetemeka.

Scolastica kasema ni ileile ya Subira, nimwache kivulini apumzike. Wanawake! Subira alianza mguu wa mbele wa kulia. Huyu kaanza wa nyuma wa kushoto. Ni ugonjwa mwingine kabisa, mtu yeyote mwenye macho anaona. Tena Subira alilala kwa utulivu. Jemadari anaguna. Kila anapoguna naona ni jina langu analiita.

Jumatatu, 28 Mei

Watu wamekuja kunipa pole, lakini wanasimama mbali, kule kwenye mpapai. Nikawauliza kulikoni. Ponsiano akasema kwa huzuni kwamba ni homa ya mgongo, na kwamba kule Mngeta mtu kala nyama ya ng'ombe wa namna hii na sasa anatembea kwa makalio.

Nilimvuta pembeni, nikamwambia ukweli. Nikasema Ponsiano, habari hiyo niliitunga mimi, Ijumaa ile, kwa mdomo huu. Akatikisa kichwa. Kasema hapana, hii ni nyingine, hii ni ya kweli. Mtu mwenyewe anaitwa Antoni na ana dada yake, ndiye anayemlisha.

Ana dada! Mimi sikutunga dada yeyote. Habari yenye dada haiwezi kuwa ya uongo. Inawezekana siku ile nilisema kweli bila kujua.

Tangu asubuhi goti langu linauma. La kushoto. Upande uleule wa Jemadari! Nikasema lakini mimi sijamla. Ponsiano kasema kwa mwenye ng'ombe inapitia kwenye kamba.

Nimeitupa kamba.

Jumatano, 30 Mei

Jemadari bado yuko chini. Siku tatu zimepita! Subira siku kama hii alikuwa anakula paa. Kwa hiyo Scolastica alikosea, na nilimwambia. Kasema huenda ni kwa sababu ya unene wake. Unene unahusiana vipi na homa? Nikakumbuka bwana mifugo alisema kitu kuhusu wanene. Lakini alisema nini? Yuko Mahenge na baiskeli yake.

Nimemwita Mzee Shomari awahi na kisu, tupate japo nyama. Kakataa. Kasema mimi mwenyewe nilimkataza kwa mdomo wangu mbele ya watu, na neno la mtu mzima halirudi nyuma. Nikamwambia labda nilikosea. Akalitazama goti langu, maana nilikuwa nachechemea, akaondoka kwa haraka ambayo sijawahi kuiona kwa mtu wa umri wake.

Nilikaa chini kando ya Jemadari. Nitaandika wazi, maana daftari hili hakuna anayelisoma: nililia. Ng'ombe wangu nilimlea tangu ndama, na kesho mkwe anafika, na mke wangu kakunja vitenge vyake vyote na kuvirundika kitandani, vimenyooka, tayari.

Ndipo akaja Wendelin. Akanishika bega. Akasema, ndugu yangu Teofili, nitakuondolea mzigo huu. Maneno yangu yaleyale! Niliyatambua. Lakini goti lilikuwa linauma. Nikasema kama anamtaka, arudishe mtumbwi. Nilijiandaa kubishana hadi jua lizame. Akasema haya, chukua. Hata jogoo hakuomba! Tukapeana mikono.

Nimemshinda tena! Yeye kapata mzoga, mimi nina mtumbwi na Subira. Nilipomwambia Scolastica, akarudisha vitenge kwenye sanduku. Akanipikia kambale. Sijala chakula kitamu hivi mwezi mzima.

Nimeona Wendelin anamjengea Jemadari kivuli, pale pale uani kwangu. Kamwekea na ndoo. Maskini, hajui kwamba hakuna matumaini.

Alhamisi, 31 Mei. Sikukuu ya Mwili wa Kristo

Jemadari kainuka.

Kainuka asubuhi wakati maandamano yanapanga mstari. Akajinyoosha, akakojoa muda mrefu, akatoka uani kwangu kwa miguu migumu, polepole, hadi kwenye tao la makuti na maua walilolijenga kina mama. Akalila. Upande wote wa kushoto. Waimbaji wakanyamaza. Wendelin alikuwa na mshumaa mkononi, anatabasamu kama malaika. Kamfunga kamba, kampeleka kwake, na kasema mbele ya watu kwamba hatamgusa kwa kazi hadi mwezi uandame. Mwoga!

Subira bado anachechemea, na siku hizi anakohoa.

Goti limepona.

Baada ya misa Mzee Marselino akafika nyumbani. Kavushwa na mvuvi. Nikamwamkia, shikamoo baba, akaitikia marahaba, akaomba kwanza autazame mtumbwi. Tukashuka wote hadi Kivukoni. Akaupapasa ubavu, akagonga kwa kidole, akasema bado mzima. Scolastica akacheka. Alikuwa hajacheka tangu nilipoutoa mtumbwi. Akatandika mkeka hapo hapo ukingoni, akafunua chungu cha wali.

Ndipo mzee akaleta habari zake. Kasema ana huzuni kidogo. Kule Minepa maksai wake kaanguka jana. Anatetemeka, macho yana machozi, udenda, hacheui. Kaanza mguu wa mbele wa kulia.

Wa mbele wa kulia! Nikamuuliza, ni mnene? Kasema hapana, mwembamba. Ni homa ileile! Ataamka! Nikimpata huyo nina wawili tena, nira nzima, na Wendelin atajua mimi ni nani!

Nikavuta pumzi ndefu. Nikamweleza baba mkwe kuhusu homa ya mgongo. Nikamweleza kuhusu Antoni wa Mngeta, na dada yake. Nikasema kwa mapenzi niliyonayo kwake, niko tayari kumwondolea mzigo huo. Mzee akauliza nitatoa nini. Nikaangalia huku na huku. Kitu cha thamani pale kilikuwa kimoja tu.

Nikasema mtumbwi.

Scolastica akafunika chungu.

Mzee Marselino alinitazama muda mrefu. Sikumwelewa, nadhani alikuwa anapiga hesabu. Kisha akasema ni neno la kufikiriwa, ila kabla ya kukubali lazima aujaribu majini kama hauvuji. Mtu makini! Scolastica akasema ataenda kumsaidia kupiga kasia. Akaniambia nisubiri, akakimbia nyumbani mara moja, akarudi na vitenge vyake vyote, chungu kingine, kuku wake watatu na picha ya Bikira Maria ya ukutani. Nikamuuliza picha ya nini. Kasema mtumbwi haujaribiwi mtupu, unatakiwa uzito. Sikufikiria hilo. Ndiyo faida ya kuoa mtoto wa fundi.

Naandika hapa ukingoni. Nawaona kwa mbali. Wamefika ng'ambo. Sasa wanauvuta nchi kavu, wote wawili, wanaupandisha juu kabisa, hadi kwenye matete. Anakagua hata chini yake! Kwa mzee wa namna hii, biashara lazima iende vizuri.

Jua linaelekea kuzama na bado hawajarudi, lakini kazi nzuri haitaki haraka. Nira nitaipaka mafuta leo usiku. Jumamosi naanza kuvuta mpunga, na Wendelin nitamsalimia mara tatu.

Kuna jambo moja tu. Maksai wa mzee yuko ng'ambo, na mtumbwi uko ng'ambo. Nitamvushaje?

Hilo ni swali la kesho.